Gunia au kilo? Mwongozo kamili wa kununua chakula kwa wingi hapa Lamu

Hapa kisiwani karibu kila kilo ya mchele imevuka maji kabla ya kufika chunguni. Imepakiwa lori Mombasa, ikapita Malindi, Garsen na Witu, ikashushwa Mokowe, ikaingia botini, ikapokewa gatini na hamali au ikabebeshwa punda hadi duka la mtaani. Kila mkono ulioishika umechukua haki yake. Ndiyo maana wengi wetu tumekulia kwenye imani kwamba mwenye akili hununua gunia, na anayenunua kilo kilo anatupa pesa.

Nami niliiamini. Kisha msimu mmoja wa kusi, wakati wa unyevu, nilinunua beli mbili za unga wa dona kwa bei nzuri sana, nikaziegemeza ukutani kwenye chumba cha chini. Beli ya kwanza tuliila. Ya pili nilipoifungua, pakiti za upande wa ukuta zilikuwa zimeganda, zinanuka uvundo, na zile kavu zilikuwa zikitembea kwa wadudu. Nilikaa pale chini nikapiga hesabu ya kilichotupwa, na tangu siku hiyo naandika kila kinachoingia jikoni na kila kinachotoka. Nyumba yetu ina watu 6, iko mtaa wa Langoni, na yafuatayo yametoka kwenye daftari hilo.

Jibu fupi nalitanguliza, ili mwenye haraka asisumbuke: kwa vitu vichache gunia linaokoa pesa kweli, kwa vingi faida yake ni ndogo kuliko inavyoonekana dukani, na kwa vingine ni hasara tupu. Bei nitakazozitaja ni za mfano wa hesabu tu. Weka za siku yako.

Hatua ya 1: Jua nyumba yako inakula kiasi gani

Usinunue gunia lolote kabla hujaandika wiki 4. Huhitaji mizani ya kisasa. Chukua kikombe kimoja, ujue kinachukua gramu ngapi za mchele na ngapi za sukari (mwenye duka atakupimia bila malipo ukimwomba vizuri), kisha kila unapopika andika vikombe.

Mimi nilidhani tunakula kilo moja ya mchele kwa siku. Daftari likasema gramu 750, kwa sababu siku nyingine ni mkate wa mofa na samaki, nyingine ni ugali. Sukari ndiyo iliyonishtua. Kwa chai ya asubuhi, chai ya alasiri na mahamri, tulikuwa tukitumia gramu 300 kwa siku. Mafuta ya kupikia yalikuwa mililita 150.

Ukishazipata namba hizo, gunia linaanza kusema ukweli wake. Gunia la mchele la kilo 25 kwetu ni siku 33. Gunia la sukari la kilo 50 ni siku 166, yaani miezi mitano na zaidi. Mtungi wa mafuta wa lita 20 ni siku 133. Kanuni yangu ni kwamba kitu kinachohitaji zaidi ya miezi miwili kuisha hakiingii nyumbani kwangu peke yangu. Ama nagawana na wenzangu, ama naacha.

Hatua ya 2: Hesabu kilo iliyofika chunguni

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo twende taratibu.

Tuseme dukani mchele ni shilingi 180 kwa kilo, na gunia la kilo 25 ni shilingi 4,000. Ukigawa, kila kilo ni shilingi 160. Unaokoa shilingi 20 kwa kilo, mara 25, ni 500. Mtu huishia hapo akarudi nyumbani na furaha.

Sasa toa ujira wa hamali au punda, tuseme 100. Zimebaki 400. Ukiwa umelifuata gunia Mokowe mwenyewe, ongeza nauli ya boti kwenda na kurudi. Ukiwa umelifuata Malindi au Mombasa kwa ajili ya gunia moja, safari hiyo haitajilipa hata iweje. Huko mtu aende akiwa na shughuli nyingine, chakula kiwe nyongeza.

Kisha kuna kinachopotea. Chenga, changarawe, kilichomwagika wakati wa kupakua, kilichoingia fukusi mwishoni mwa gunia. Kwetu, kabla sijajifunza kuhifadhi, kilo moja katika 25 ilikuwa ikienda hivyo. Zimebaki kilo 24 za kula. Ungezinunua kilo kilo ungelipa 4,320. Wewe umelipa 4,100 pamoja na hamali. Akiba yako ni 220.

Bado kuna mkono wa anayepika. Gunia likiwa limejaa, kikombe nacho hujaa. Anayepika haoni haja ya kufuta juu yake. Tuseme unazidi gramu 50 tu kwa siku, ambazo hata hazionekani sufuriani, ila asubuhi kuna kiporo kinachopewa kuku. Kwa gramu 800 kwa siku, kilo zako 24 zinaisha siku ya 30. Mchele wa siku hizo 30 kwa kipimo chako cha zamani ungekuwa kilo 22 na nusu, ambazo kwa bei ya dukani ni 4,050. Umelipa 4,100. Umenunua kwa jumla na umepoteza shilingi 50.

Rudia hesabu hiyo kwa kalamu yako. Gunia ni lilelile, bei ni ileile, lakini nyumba moja imeokoa 400, nyingine 220, nyingine imepata hasara, na hakuna hata moja iliyodanganywa na mwenye duka.

Kwa upande mwingine, anayenunua vipimo vidogo kabisa, mafuta ya shilingi 20 na sukari ya robo kila jioni, analipa zaidi kwa kila gramu. Simlaumu, kwa sababu ndiyo pesa aliyo nayo siku ile. Lakini kwake hatua kubwa zaidi ni kutoka robo kwenda kilo mbili, na faida ya hatua hiyo aghalabu ni kubwa kuliko ya kutoka kilo mbili kwenda gunia. Aanzie hapo.

Hatua ya 3: Chagua kinachostahili

Mchele mweupe ndio wa kwanza. Umekobolewa, mafuta ya mbegu yametoka pamoja na pumba, kwa hiyo ukikaa mkavu haubadiliki ladha kwa miezi mingi. Chumvi vilevile. Sukari haiozi, ila inavuta unyevu na kuganda, nayo huita sisimizi. Tambi kavu ziko salama zikiwa kwenye pakiti zake.

Unga ni jambo jingine. Ngano na mahindi yakishasagwa, kila chembe imefunguka kwa hewa. Unga mweupe uliokobolewa unavumilia kiasi. Dona na atta zina kiini cha mbegu ndani yake, na kiini hicho kina mafuta. Kwenye joto letu mafuta hayo huharibika, unga ukawa na ladha chungu hata kabla ya mdudu kuingia. Beli moja ya unga mweupe, pakiti 12 za kilo 2, ni sawa kwa nyumba inayochoma chapati na kukaanga mahamri kila siku. Dona nunua ya wiki mbili, au nunua mahindi ukasage kidogo kidogo.

Na mahindi yana hatari inayozidi pesa. Yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu aina fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haitoki kwa kupika wala kwa kuosha. Mwaka 2004, katika Mashariki ya Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo ukinunua gunia la mahindi kutoka Mpeketoni au Hindi, upande wa bara wa Lamu, jaribu hivi kwanza: tia chumvi kavu kijiko kimoja kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi theluthi, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha. Usiyaweke ndani. Karanga nazo huingiwa na sumu hiyohiyo: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, tupa bila huruma.

Maharagwe, kunde, pojo na mbaazi watu huviona kama mawe yasiyoharibika. Maharagwe hayaozi, ni kweli, lakini yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu huwa magumu. Unayaloweka usiku kucha, unayachemsha, bado yanagonga meno. Ulichookoa kwenye gunia unakichoma kwenye mkaa au gesi. Sioni mtu akiliandika hili kwenye hesabu zake, ilhali mimi nililiona wazi kwenye mtungi wangu wa gesi. Maharagwe ya mwezi mmoja yanatosha. Pojo huiva haraka na husamehe zaidi.

Mafuta ya kupikia kwa mtungi wa lita 20 huwa na nafuu nzuri ya bei, lakini adui zake ni mwanga, joto na hewa. Mtungi unaofunguliwa na kufungwa kila siku karibu na jiko hufika mwisho ukiwa na harufu kali kama ya rangi ya mbao. Siku ya kuununua, yamimine mafuta kwenye chupa safi zilizokauka kabisa, zijaze hadi shingoni, zifunge, zikae gizani. Fungua moja moja.

Viungo vinunuliwe vizima. Bizari nzima, iliki, mdalasini na pilipili manga zikikaa kwenye chupa iliyofungwa zinahifadhi harufu muda mrefu. Vilivyosagwa huanza kupoteza harufu mara moja, na anayepika huongeza vijiko ili pilau inukie. Robo kilo ya iliki nzima ukigawana na wifi yako ni ununuzi mzuri kuliko mifuko kumi ya unga wa viungo.

Nazi: nunua zenye makumbi. Iliyofuliwa inahesabu wiki, yenye kumbi inahesabu miezi ikiwa haijachipua. Vitunguu vitundike kwenye wavu penye upepo. Viazi vikae gizani, mbali na vitunguu, na kile kilichogeuka kijani usikile. Kwa vyote viwili nisingevuka wiki mbili, na nyanya nisingevuka siku tatu.

Samaki wa kuweka kwenye friza ni kamari ya umeme. Friza iliyojaa, ikiachwa bila kufunguliwa, hushika baridi takriban saa 48 umeme ukikatika. Iliyo nusu ni saa 24. Kama mtaani kwenu umeme hukatika zaidi ya hapo, wakati wa kaskazi samaki wakiwa wengi fanya kama walivyofanya bibi zetu: pasua, tia chumvi, anika, uwe na ng'onda wa kusi.

Hatua ya 4: Soma upepo kabla ya kusoma bei

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ni kavu kiasi, na ndio wakati wa kuweka shehena. Masika yakiingia na kusi kushika, kuanzia Aprili, kuta zinatoka jasho. Kipindi hicho punguza ukubwa wa manunuzi hata kama bei ni nzuri. Miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye kaskazi, jambo linalotusaidia: sukari, unga wa ngano na tambi za mwezi mtukufu ninanunua Rajabu au mwanzo wa Shabani, kabla haraka ya mwisho haijaanza, na vinakaa salama hadi Idi.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na kitu ndani ambayo hesabu ya kilo haiionyeshi. Mwishoni mwa 2023 mto Tana ulipofurika, maji yaliikata barabara ya Garsen kuja Lamu, na magari ya mizigo yakakwama. Aliyekuwa na mchele wa wiki tatu alilala usingizi. Akiba ya namna hiyo naiweka hata kama hainiokolei shilingi moja. Wiki tatu zinatosha, miezi sita ni ghala la kulisha fukusi.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kulipa

Usione haya. Ni pesa yako, na mwenye duka mwaminifu hatachukia.

Tazama ushonaji wa mdomo wa gunia: mshono wa kiwandani huwa umenyooka. Ukiona mistari miwili ya mashimo ya sindano au uzi wa rangi tofauti, uliza. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya kupakiwa. Omba lipimwe mbele yako. Kama muuzaji ana bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, mwombe alichome gunia katikati na chini, kwa sababu juu ndipo kila mtu anapotazama. Nusa kilichotoka. Kisugue viganjani: vumbi jingi jeupe kwenye mchele huweza kuwa dalili ya mdudu hata kama humwoni. Gunia la sukari lililo gumu pembeni limeshaingiwa na unyevu njiani, pengine kwenye boti.

Hatua ya 6: Namna ya kuweka kwenye nyumba zetu

Nyumba zetu za mawe zina ubaridi mzuri, lakini mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Gunia lisiguse ukuta wala sakafu. Mimi nimelaza vipande vinne vya boriti, juu yake mbao, na nimeacha nafasi ya shubiri moja ukutani ili hewa ipite na panya asipate maficho. Vidaka vya ukutani vinapendeza kwa vyombo vya kaure, si kwa unga. Chumba cha juu chenye upepo ni bora kuliko cha chini, hata kama ni shida kumpandisha hamali ngazi. Mlipe zaidi kidogo.

Gunia likifika, usilifungue ukachota humo mwezi mzima. Siku hiyohiyo ligawe kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko unaobana, kilo 5 au 8 kila moja. Ndoo moja ikiingia mdudu, nyingine zimenusurika. Kabla ya kutia kitu, osha ndoo, ianike juani hadi ikauke kabisa, na usimimine mpya juu ya masalio ya zamani, kwani mayai ya fukusi yako chini pale.

Mwenye friza aweke mchele humo kwa mafungu, siku 4 kila fungu, kwenye mfuko uliofungwa. Baridi kali inaua mayai na mabuu. Ukiutoa, uache urudi kwenye joto la chumba kabla hujaufungua mfuko, la sivyo utatoka jasho na kulowa. Kwa kunde na mahindi mengi, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafanya kazi bila dawa yoyote: wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki, kisha wanakufa. Faida yake inapotea ukifungua kila siku, kwa hiyo ni ya kile utakachokigusa baada ya miezi, na kikaushwe vizuri kwanza. Dawa za unga za kuulia fukusi sizitii kwenye chakula cha nyumbani.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila mfuniko.

Hatua ya 7: Shika kipimo

Kikombe kimoja kikae ndani ya ndoo inayotumika, na kifutwe juu kwa ubapa wa kisu. Ndoo nyingine zifungwe, ziwekwe mbali na jiko. Nilifanya jambo dogo lililosaidia kuliko yote: kila Ijumaa natoa mchele wa wiki, kilo 5 na robo, nauweka kwenye chombo cha jikoni, na ndoo kubwa hazifunguliwi hadi Ijumaa nyingine. Ukiisha Alhamisi, tunakula muhogo. Mgeni akija, bila shaka ndoo inafunguliwa, na kinachotolewa kinaandikwa.

Hatua ya 8: Gawaneni

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo iliyobakia nyumbani kwetu. Tuko nyumba 4. Tunanunua gunia moja la sukari la kilo 50, kila nyumba inapata kilo 12 na nusu, kwetu ni siku 41. Tunapata bei ya jumla bila kukaa na sukari miezi mitano. Hamali ni mmoja, ujira unagawanywa. Mafuta ya lita 20 kila nyumba lita 5.

Masharti yetu ni machache. Pesa zinakusanywa zote kabla ya kununua, hakuna anayekopwa ndani ya gunia. Anayekwenda dukani habadilishwi kila mara, kwa sababu muuzaji humjua mteja wake na humpa bei. Kupima kunafanyika dakani, pale mlangoni, kwa nyumba moja, wote wakiwapo, kwa mizani ileile. Kilo ya mwisho, ile iliyochanganyika na vumbi la gunia, inakwenda kwa zamu.

Hatua ya 9: Pesa itoke wapi

Usikope kununua gunia. Akiba ya shilingi 400 kwenye gunia la 4,000 ni sehemu moja katika kumi. Mkopo wa simu wenye ada ya karibu kiasi hicho kwa mwezi unaila yote, na ukichelewa kulipa unakula na zaidi. Usichukue pesa ya kodi, ada ya shule wala dawa. Aliyejaza chumba mchele halafu akamrudia mwenye duka kwa mkopo wa maziwa ya mtoto bado hajaokoa kitu.

Anza na kitu kimoja, mchele, kwa miezi miwili. Mimi kila mwisho wa mwezi huandika mistari mitatu: nilicholipa pamoja na hamali na boti, siku kilizodumu, na kilichotupwa. Natafuta ningelipa kiasi gani kama ningenunua kilo kilo kwa siku zilezile. Mchele na sukari vimebaki upande wa faida mwaka mzima. Unga wa ngano umepita kaskazi na kushindwa kusi. Maharagwe nimerudi kuyanunua kilo mbili mbili, kutoka duka la jirani, na mtungi wangu wa gesi sasa unafika wiki ya sita.